Mpanga Sufu Aliyemkataa Kondoo Mweupe

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi ya tarehe 24 Julai, kengele inalia katika banda la kunyolea kondoo la Terrawing, kaskazini ya mji wa Hay. Wanyoaji sita wanavuta kondoo wa kwanza. Dakika tatu baadaye sufu inatua juu ya meza, na Karlene Hobday anachomoa kishungi kutoka katikati ya ubavu, anakivuta kwa nguvu karibu na sikio, anasikiliza. Hakijakatika.

"Daraja la kwanza," anasema, na mkono wake umeshafika kwenye sufu inayofuata.

Karlene, 38, amepanga madaraja ya sufu kwa miaka kumi na miwili. Wiki arobaini kwa mwaka huishi mabandani na mumewe Gavin, ambaye ni mpishi wa kikosi cha wanyoaji, na binti zao wawili: Maeve wa miaka kumi na Bridie wa miaka saba. Watoto husomea nyumbani, na nyumbani ni popote kikosi kilipo. Darasa ni meza ya kulia chakula. Mwalimu wa asubuhi ni Gavin, aproni kiunoni.

Siku hiyo saa sita mchana walikuwa wanamsubiri Pauline Achterberg, ofisa wa usajili wa elimu ya nyumbani. Alipokuja Januari aliridhika na hesabu na kusoma, kisha akafika ukurasa wa sanaa katika mpango wao wa masomo. Ulikuwa na sentensi moja: "Watoto huchora wanapopenda." Akapendekeza usajili wa miezi sita badala ya miaka miwili.

"Hakuwa mkali," anasema Karlene. "Aliuliza tu, 'Na wasipopenda?'"

Usajili ukikataliwa, watoto wangeingia shule ya mjini na familia ingegawanyika: mzazi mmoja kwenye nyumba ya kupanga, mwingine mabandani. "Nilianza kuokota sufu sakafuni nikiwa na miaka kumi na saba," anasema. "Sijawahi kulala kilomita mia mbili mbali na wanangu, na sikutaka kuanza."

Mtaala wa kwanza wa sanaa alionunua ulikuja ndani ya boksi, kwa dola 420. Ulitoka nchi ya kaskazini. Somo la Machi liliwataka watoto watoke nje wachore maua ya kwanza baada ya theluji kuyeyuka. Bridie alitoka, akakaa robo saa, akarudi na mchoro wa tangi la maji.

Wa pili ulikuwa wa mtandaoni, na walimu wake walisahihisha kazi na kutoa nyota. Gavin aliendesha gari hadi kilimani mara mbili kwa wiki kutafuta mtandao. Somo la nne lilikuwa mnyama wa kufugwa. Bridie alichora kondoo wa rangi ya vumbi, kijivu kikielekea kahawia, mwenye mstari mmoja mweupe ubavuni pale sufu inapoachana. Alipata nyota mbili na maelezo: "Angalia vizuri zaidi. Kondoo ni weupe."

"Huyu mwalimu amewahi kumwona kondoo?" Bridie aliuliza mezani.

"Amemwona kwenye soksi, binti," alijibu Wiremu Paki, mnyoaji. Kikosi kilicheka wiki nzima.

Karlene hakucheka sana. Maeve alikuwa amesoma maelezo ya mdogo wake kabla ya kuwasilisha kazi yake. Kondoo wake alikuwa mweupe, laini, mviringo kama pamba ya dukani. Alipata nyota tano.

"Maeve anawajua kondoo kuliko watu wazima wengi," anasema Karlene. "Alijua si kweli. Alichora alichojua kitapendwa." Siku hiyohiyo akasitisha malipo.

Kuanzia hapo alichagua mitaala anavyochagua sufu. Mbele kila mtu huweka kizuri chake, kwa hiyo hakusoma somo la kwanza la mtaala wowote. Alifungua katikati, akawapa watoto somo hilo moja, akaangalia linawafanya watazame nini. Mitaala mitano ilianguka. Wa sita ulikuwa kijitabu cha dola 35, kilichoandikwa na mwalimu mstaafu wa Broken Hill. Hakina picha hata moja ya kunakili. Somo la ishirini linasema: tazama kitu kimoja dakika kumi bila kushika penseli, kichore, kesho kichore tena, andika ulichokosea jana.

"Hicho kijitabu hakina hata rangi, mama Maeve," Gavin alimwambia. "Yule ofisa atauliza kinaendana vipi na muhtasari wa serikali. Tutamwonyesha nini, jalada?"

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kijitabu hakitaji muhtasari popote. Karlene alitumia Jumapili saba kuupitia mwenyewe, akaandika mbele ya kila somo, masomo yote arobaini, ni lengo gani la serikali linatimizwa na kazi ipi ya mtoto inathibitisha.

Achterberg alifika saa sita na dakika kumi. Alipekua faili la Maeve. Lilikuwa na kondoo wanne, kila mmoja na tarehe. Wa kwanza alikuwa yule mweupe.

"Huyu ana nyota tano," alisema. "Mbona hawa wengine hawana?"

"Hatutoi nyota," alijibu Karlene.

"Huyo ni wa uongo," Maeve aliingilia. "Hawa watatu ndio wa kweli. Huyu wa pili nimemkosea magoti, nimeandika hapo chini. Wa mwisho magoti yako sawa, ila alikuwa anasogea."

"Na huyo wa uongo umemweka wa nini?"

"Mama kasema ukifungua robota la sufu lazima uonyeshe na kilichomo chini."

Achterberg aliandika kwa muda. Kisha akasema sehemu ya muziki bado ni nyembamba. Wiremu, aliyekuwa anamalizia supu, akasema ana gitaa.

"Unajua kupiga nyimbo ngapi?" aliuliza ofisa.

"Mbili, mama. Moja haifai watoto."

Uamuzi ulifika kwa barua pepe Jumanne ya tarehe 12 Agosti. Usajili wa watoto wote wawili umeongezwa kwa miaka miwili, kwa sharti kwamba mpango wa muziki uwasilishwe kabla ya mwisho wa Septemba. Karlene ameuandika: Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Jumamosi ya wiki hiyo, saa mbili asubuhi, kikosi kiliondoka Terrawing kwenda banda linalofuata, umbali wa kilomita 140. Maeve na Bridie walikuwemo.