Kiingereza cha Kumwambia Mtoto Kaa

Nimeshauriwa nisiandike haya, eti nitawaaibisha wakwe. Nitaandika.

Mimi ni binti wa askari magereza. Nimekulia Mpumudde, Jinja. Baba alitoka kaskazini, mama mashariki, wakakutana katika Kiswahili, nasi tukakinyonya. Nilipoolewa Mbale, kule Nkoma, nilikuta lugha yangu imeshahukumiwa. Mume wangu ni karani, na watu wake ni wa kanisa na shule. Kwao Kiswahili ni cha wanajeshi na wezi. Wakinisikia wanauliza bunduki nimeificha wapi. Na kijana wao alinitongoza kwa Kiswahili hichohicho! Nilikuwa nacheka nao. Ujinga wangu.

Binti yetu alipoanza chekechea, mwalimu mkuu alituonya tusimchanganye kichwa. Kiingereza tu, nyumbani na shuleni; lugha nyingine zingemchelewesha akili. Mume wangu akaitikia kwa niaba yetu sote. Basi mimi, mwanamke ambaye nikichambua maharage naongea hata na maharage yenyewe, nikafunga mdomo. Kiingereza changu kilinitosha kumwambia mtoto kaa, kula, njoo, acha. Nikimwogesha, kimya. Nikimsuka, kimya. Jioni baba yake anarudi hoi, anawasha televisheni, na hiyo ndiyo inayozungumza naye.

Akafika miaka minne hasemi. Tena anang'ata. Alimng'ata mwenzake mkononi, kisha mwingine shavuni, na barua ikaja: muhula ujao asipobadilika, tumtafutie shule ya watoto wenye upungufu wa akili. Kliniki walimpima masikio, wakasema ni mazima. Mume wangu akaanza kuuliza kama kwetu kuna wendawazimu. Nikamwambia kwetu kuna magereza tu, wendawazimu awatafute kwao.

Likizo ilipofika nikambeba mtoto hadi Jinja kwa mama yangu. Siku ya kwanza mama alitutazama tu. Tulipokaa kula, akaacha sahani yake.

"Huyu mtoto unamwamrisha tu," akasema. "Baba yako alikuwa anasalimia hata wafungwa, anawauliza wamelalaje. Wewe leo umemuuliza nini mtoto yako?"

Hasira zikanipanda, kwanza kwa mama, kisha kwa yule mwalimu, mwisho kwangu mwenyewe. Nilimtii mgeni, nikamnyima mwanangu sauti yangu. Nililia palepale mezani, mbele ya mtoto.

Tulikaa wiki tatu. Mama alimweka jikoni, akawa anamuuliza kila kitu na kumngojea. Tukate kitunguu hiki au kile? Mtoto akinyoosha kidole, mama anamjibu vizuri, kisha anamuuliza lingine. Nami nikaanza kuropoka kama zamani, nikimwogesha, nikimsuka, nikimsimulia visa vya wafungwa. Mtoto akalizoea lile gumzo, akaacha kujikunyata nikimsogelea. Wiki ya pili mama alimwonyesha vitunguu, naye akasema, "Ile." Nilimkumbatia mpaka akanisukuma.

Muhula ulipofunguliwa tukarudi Mbale, tukaenda shuleni sote watatu, mimi, mtoto na baba yake. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba darasa ni lake, afundishe kwa lugha aitakayo, lakini nyumba ni yangu na humo nitaongea. Akanijibu kwa upole kwamba ninamharibia mtoto maisha, kwamba mtoto anayeng'ata ana tatizo ubongoni, na huenda nafasi yake ikabidi apewe mwingine. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikachuchumaa mbele ya binti yangu, nikamuuliza kwa Kiswahili kwa nini alimng'ata mwenzake. Kumbe sikuwahi kumuuliza. Hakuna aliyewahi. Tulimchapa, tulimpima masikio, aliandikiwa barua, ila kumuuliza hapana. Mwalimu akataka kuendelea na maneno yake, nikainua mkono kumzuia.

"Kiti yangu," mtoto akasema. "Alichukua kiti yangu."

Kisha mume wangu akavuta kiti chake karibu, akainama.

"Nani alichukua, mama?" akamuuliza binti yake, kwa Kiswahili.

Mtoto akamgeukia, akaanza kumweleza. Mwalimu mkuu akasema muda wetu umekwisha, kuna wazazi wengine nje. Hatukuinuka. Mtoto alikuwa bado anaongea.