Kitambaa Ndani ya Tangi

Tulikuwa tunaosha madirisha ya kliniki; tulipofika gorofa ya pili, presha ya pompi yetu ilianguka. Maji yakadondoka tu, madirisha yakabaki na michirizi ya vumbi la machimbo. Mama msimamizi akacheka: "Batata, ninyi wababa, munaosha ao munalia?"

Mwenzangu, dereva wa kamyoneti, gari lililobeba tangi letu la maji, alisema tuangalie kwanza ndani ya tangi. Mi nikapaza sauti kwamba yeye ameunguza pompi kwa kuiwasha bila maji. Mama akamwambia, "We tata, kaa pembeni. Kesho usirudi hapa."

Nilifungua pompi, sikuona kasoro, nikaifunga. Ndipo nikaingiza mkono tangini. Kitambaa cha kikwembe nilichofunga mwenyewe asubuhi kwenye mdomo wa tiyo, bomba la kuvuta maji, ili kuchuja matope, kilikuwa kimejaa udongo, kimeziba. Karibu sisi wote huku tunachuja hivyo, lakini hicho nilikikunja mara mbili, kwa woga wangu kwamba matope yangeharibu pompi.

Nilipokitoa na kuwasha pompi tena, maji yakaruka. "Fundi ni huyu!" mama akasema. Sifa ile ilinichoma. Nikamwonyesha kitambaa: "Mama, ni mi niliziba. Yeye hana kosa."

"Basi kaa pembeni we."

Nikakaa. Mwenzangu akashika tiyo ya kuoshea, akaosha madirisha yote bila kuniangalia.