Kalibu Nyeupe ya Kariandusi

Hezekiah Wasike Makokha alikuwa mjukuu wa Simiyu, yule aliyefua majembe kule Kimilili mpaka watu wakayatoa kama mahari, na mwana wa Makokha, aliyeunga mabomba ya reli Nakuru miaka kumi na tisa bila hata moja kuvuja. Yeye mwenyewe aliyeyusha risasi kando ya ziwa Naivasha, akatengeneza chambo za kuvulia ambazo wazungu wa mashamba walizifuata kwa magari. Hayo alipenda kuyasimulia. La mwaka wa hamsini na sita hakulisimulia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule Kariandusi kuna jiwe jeupe, jepesi kama mkate, unalikata kwa kisu. Hezekiah alilipasua vipande viwili, akachonga ndani umbo la kisamaki, akalaza ndoano humo, akavifunga kwa waya. Hiyo ndiyo kalibu. Akamimina risasi ya moto kwa upawa, na ikipoa, kisamaki kinatoka kinang'aa.

Hapo kinaingia mkononi mwa Chelagat, mjane kutoka Kuresoi. Yeye alikata mkia laini kutoka chubu kuukuu, mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwa uzi pamoja na unyoya wa kanga. Ukiuvuta majini unacheza kama kitu chenye roho. Wale samaki wenye midomo mipana walioletwa na wazungu hawakuweza kuuacha upite.

Lakini jiwe lile lina tabia yake: linakunywa maji. Utaliona limekauka nje, kumbe ndani limeshiba. Na risasi ya moto ikikutana na maji, inaruka. Ndiyo maana Makokha alimfundisha mwanawe kuweka kalibu shavuni kwanza. Mikono ya fundi imeota sugu, haisikii kitu, shavu linasikia. Ukihisi baridi hata kidogo, irudishe karibu na moto.

Ijumaa moja, mzungu wa ng'ombe wa maziwa akatuma neno: kesho atakuja na wageni wa Nairobi kumtazama fundi akifanya kazi. Hezekiah akaitazama kalibu yake. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, na akaionea haya. Jumamosi asubuhi, kabla mtu hajafika, akaiosha kwa sabuni, akaianika juani mpaka ikawa nyeupe kama chaki.

Wageni wakaja. Mtu mzima alalie jiwe mbele ya wageni kama mtoto kwenye mto? Hakuiweka shavuni. Chelagat akaishika, Hezekiah akamimina. Risasi ikalipuka, ikamwagikia mkono wa Chelagat kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni.

"Kwa nini imeruka?" mzungu akauliza.

Mdomo wa Hezekiah ukajibu kabla yeye hajafikiri. "Ni huyu mama, Bwana. Amepangusa meza kwa maji. Nimemkataza mara ngapi!"

Na kweli Chelagat alikuwa amepangusa meza. Akaamini kwamba kosa ni lake.

Baada ya wiki tatu akaja, mkono mmoja umefungwa kitambaa, mwingine umeshika kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. "Fundi, nisamehe. Nilikuharibia jina mbele ya wageni."

Hezekiah akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa.

Kibuyu kikabaki ukutani. "Baba Nasimiyu," mkewe Nekoye akamuuliza, "kibuyu cha watu hakina mwenyewe?" "Nitapeleka." Hakupeleka. Kukipeleka ni kumtazama Chelagat machoni. Akahamisha kiti chake, akawa anakula akikipa kibuyu mgongo.

Wakati huo Chelagat alikuwa amepata jina. "Chelagat Maji huyo! Funikeni moto!" wauza samaki walipiga kelele akipita. Mwanzoni alicheka nao. Kisha hakuna aliyempa kazi.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Asubuhi moja Nekoye akaingia na kuni, akazibwaga. "Chelagat anapanda lori leo, anarudi Kuresoi kwa kaka yake. Kuchimba viazi, na mkono wenyewe haunyooki." Akapangusa mikono. "Jumamosi ile niliikuta sabuni yangu ina masizi. Sijawahi kukuuliza."

Hezekiah alisikia masikio yakiwaka. Akatungua kibuyu, akachukua kalibu na upawa, akatoka bila kofia.

Chelagat alikuwa amesimama karibu na lori, furushi miguuni. Wauza samaki walikuwa hapo na karai zao.

"Fundi, usimkaribie na hiyo kalibu," mama mmoja akasema, "atailowesha!" Wakacheka.

"Mimi ndiye niliyeilowesha." Hezekiah alisema kwa sauti, ili asipate njia ya kurudi nyuma. "Niliiosha kwa sabuni ili wageni waione nyeupe. Meza haikuwa na kosa. Huyu mama hakuwa na kosa."

Kicheko kikakatika. Yule mama wa samaki akajifanya anapanga karai.

Chelagat akamtazama. "Nilikuja kukuomba msamaha."

"Ulikuja."

"Ukanywa maziwa yangu."

"Nilikunywa."

"Yalikuwa matamu?"

Hezekiah akamnyooshea kibuyu, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba amekirudisha kitupu. Miaka miwili, na hata maziwa hakutia. Chelagat alikitikisa sikioni, akamwacha asimame na aibu yake.

Turnboi, utingo wa lori, akagonga mbao. "Mama, tunaenda ama hatuendi?"

"Ngoja," akasema Chelagat.

Hezekiah akaweka kalibu na upawa juu ya furushi lake. "Mimi sitamimina tena. Mimina wewe. Mikia nitakata mimi."

"Mikia yako itakuwa mibaya."

"Utanifundisha."

"Sijasema nimekusamehe, fundi."

"Sijakuomba unisamehe. Nakuomba umimine."

Chelagat akainua kalibu kwa mkono ule usionyooka, akailaza shavuni, akafumba macho. Watu wote wakangoja, hata turnboi.

"Ina baridi," akasema.

"Basi tukifika iweke karibu na moto," Hezekiah akamwambia, "na isimiminiwe kitu mpaka useme wewe. Akija mgeni, angoje. Nikikuharakisha mimi, weka upawa chini."