Usukani wa Marehemu Anselmo

Mwalimu wetu amekuja mara tatu kunitaka niandike habari za mtu mmoja wa hapa kijijini, zitiwe kwenye kitabu cha parokia. Nikamwambia sijui kuandika. Akasema, "Unajua, Mama Ubaldina, nimekuona ukiandika majina kwenye magunia." Ala! Gunia na mtu ni kitu kimoja? Shule nilikwenda miaka miwili tu, na miezi ya kuvuna viazi sikwenda kabisa. Lakini nimesikia kwamba nikikataa, ukurasa wa shoga yangu Edelmira atapewa mwanawe Yesid auandike. Basi nimekaa kitako. Bora herufi zangu mbovu kuliko uongo wake ulionyooka.

Edelmira ni mama wa jibini. Anakamua, anagandisha, anakanda, kisha anapanda baiskeli na kupeleka nyumba hadi nyumba, mlima mzima, na nyumba zetu hazikukaa pamoja, kila moja imejitenga na shamba lake. Mumewe alikuwa Anselmo, mwanamume mwenye mabega kama mlango wa zizi. Anselmo aliwahi kutoka wa saba katika mashindano ya baiskeli ya sikukuu ya parokia. Wa saba! Na hapa Boyacá, kwenye milima ya Kolombia, mtu akitoka wa saba mara moja, atasimuliwa hadi wajukuu wachoke. Usukani wake aliutengenezesha kwa bomba refu, apate kuning'iniza makopo ya maziwa huku na huku. Kisha akauteremsha chini kuliko kimo cha kiti, ili aende pua inanusa gurudumu, kama wakimbiaji.

Anselmo akafa. Kwetu mume akifa akaacha baiskeli, mjane huteremsha kiti ili miguu ifike, basi. Usukani hauguswi. Wanasema mikono ya marehemu bado imo pale.

Edelmira ni mwembamba, ana mabega ya ndege. Miaka kumi na mmoja alipanda ile baiskeli kama mtu aliyesulubiwa: mikono imetanuliwa, shingo imechomozwa kama ya kobe, uzito wote wa kifua umelala juu ya viganja. Kidole cha mwisho na jirani yake vikaanza kufa ganzi. Kila mlango aliofika alikung'uta mikono kwanza ndipo abishe hodi. Watu wakacheka: "Mama jibini anafukuza nzi." Jumanne moja, akiteremka kona ya machimbo, vidole vikakataa kubana breki. Akaingia mtaroni. Jibini kumi na mbili zikaliwa na mbwa, naye akachubuka uso mzima.

Daktari wa mjini alimtazama kwa muda ambao mimi hutazama kiazi. "Ni uzee, bibi. Pumzika." Hakuuliza anafanya kazi gani wala amekaaje akiifanya. Yesid naye akaja na kulabu na nyundo, akapiga kulabu ukutani dukani kwake. Jumapili, siku ya sikukuu, baiskeli ya baba itaning'inizwa pale, ibarikiwe na padri.

Alhamisi Edelmira akanikokotea baiskeli hadi uani. Miaka ishirini na sita nilifunga na kufungua baiskeli katika karakana ya kaka yangu, na watu walimshukuru yeye. Vyombo vyake ninavyo mimi.

"Nisafishie, shoga," akasema. "Inakwenda ukutani."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Yesid anasema ataniletea televisheni."

"Televisheni inakula jibini?"

Hakucheka. Akaketi juu ya ndoo, akavuta ruana yake, lile blanketi la sufu la mabegani, hadi kidevuni. "Nikikaa ndani, Ubaldina, nitakufa kabla ya kuku wangu. Nani atanipandia mlima kuja kunisalimu? Lakini mikono haipo tena. Ona." Akajaribu kubana kidole changu. Kama kubanwa na kitambaa.

Nikaitazama ile baiskeli, na hasira ikanipanda hadi masikio yakawaka. Kwa sababu miaka kumi na mmoja ilipita mbele ya mlango wangu! Mimi, niliyepima mabega ya wanaume wa wilaya nzima, niliona, nikajua, nikanyamaza. Eti adabu kwa marehemu. Aliye hai akipita analia, tunamwonea haya aliye kaburini.

"Simama," nikamwambia. "Geuka."

Nikachukua kamba, nikapima mgongoni kwake, mfupa wa bega hadi mfupa wa bega. Shibiri mbili kasoro vidole viwili. Nikaiweka ile kamba juu ya usukani. Usukani ulikuwa shibiri tatu na nusu.

"Unaona? Hii si mikono yako iliyokufa. Hii ni mikono ya Anselmo uliyovalishwa."

"Usiniguse usukani, Ubaldina. Watasemaje?"

"Watasema Ubaldina ni kichaa. Walishaanza zamani."

Nikalegeza boliti ya shingo ya usukani, nikaigonga kwa nyundo, maana kutu ilikuwa imeishika kama deni la baba mkwe. Ikaachia. Nikainua usukani hadi ukapita kiti kwa vidole viwili, lakini nikaacha shingo ya kutosha ndani ya bomba, maana ukiivuta yote utaangukia meno. Nikavuta waya mpya wa breki, wa zamani haufiki tena. Nikasogeza breki na mipira ya kushikia ndani, nikatia alama vidole tisa kila upande, nikashika msumeno wa chuma. Kipande cha kushoto kikaanguka chini, kikalia kama kengele!

Ndipo Yesid akaingia.

"Mama Ubaldina! Huo ni usukani wa baba!"

"Baba yako yuko makaburini, hana safari."

"Hiyo ni historia ya familia!"

"Historia ni ya aliyetoka wa saba. Aliyekulisha wewe kwa jibini alikuwa wa ngapi?"

"Daktari amesema ni uzee."

"Huyo daktari alipanda hii baiskeli? Wewe umeipanda? Panda sasa, nenda machimboni urudi, nikuone."

Hakupanda. Ana gari, huyu. Akamgeukia mama yake, sauti ikalainika. "Mama, mwambie aache. Kipande kimoja kinaungika. Nakuomba, mama."

Edelmira aliinuka taratibu. Nilidhani ananipokonya msumeno ampe mwanawe. Akautwaa, akauweka juu ya alama ya kulia, akaanza kukata mwenyewe, na kwa kuwa vidole vilikuwa na ganzi akausukuma kwa kiganja na kifua. Alikata muda mrefu. Yesid alisimama tu, hakushika hata bomba lisitikisike. Nililishika mimi.

Kipande kikaanguka. Akapanda. Viwiko vilikunjika kidogo, mgongo ukasimama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona macho yake akiwa juu ya baiskeli. Akapanda hadi machimboni. Akateremka ile kona, uzito umetoka viganjani, vidole vilivyobaki vizima vikivuta, nikasikia breki ikilia kwa nguvu, akasimama mbele ya Yesid, tairi shibiri moja toka kiatu chake.

"Ng'oa kulabu," akamwambia.

Vidole havikupona siku hiyo, vilichukua miezi. Kimoja hakikurudi kabisa, na hicho namdai kila aliyesema uzee na kila aliyenyamaza, nikiwemo mimi. Jibini bado anapeleka. Yesid hanisalimu kanisani, na kijiji kizima kinasema nilimkata marehemu mikono. Wacha waseme.

Sasa wewe uliyesoma umeketi: nimekupa kilichonitoa jasho, na mimi si mtu wa kutoa bure. Funga kitabu. Nenda kwenye baiskeli ya mama yako, au mkeo, au dada yako. Pima mabega yake kwa kamba, pima na usukani, kisha muulize vidole vyake vikoje. Usimuulize mtu mwingine, muulize yeye. Halafu njoo uani kwangu uniambie alijibu nini. Ukija mikono mitupu, pitiliza.