Jina la Mama kwa Uzi Mwekundu

Mama yangu amewafumia watoto wa mtaa wetu wa Bahati sweta tangu nikiwa mdogo, lakini hakuwahi kwenda shule. Mchoro wowote anaufuata kwa kuhesabu miraba: penye rangi anaweka uzi mwekundu, palipo wazi anaweka mweupe.

Mwaka jana niliona kwenye simu picha ya herufi za kale, zile walizotarizi watu wa zamani kwenye vitambaa, kila moja imejengwa kwa miraba midogo. Zilinipendeza. Nikachukua daftari la hesabu, nikachora jina la Mama kwa herufi hizo, nikampelekea bila kumwambia ni nini.

"Haya ni maua gani?" akaniuliza.

"Wewe fuma tu, Mama. Utaona."

Alifuma siku tatu, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipomaliza alikitandaza kitambaa mapajani. Nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya kila herufi huku nikiitamka.

"Hilo ni jina lako. Umeliandika mwenyewe."

Akapitisha kidole peke yake, polepole, akarudia mara ya pili na ya tatu. Mimi nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka.

"Kumbe mimi ni mfupi hivi," akasema, akacheka huku machozi yakimtoka.

Baba alitutoka nikiwa darasa la sita. Mama alilifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaniwekea mikononi.

"Sasa nichoree la baba yenu," akasema.