Bahasha ya Nne Kutoka Juu

Siku mto ulipovunja kingo, mimi nilijua saa sita kabla. Nilikaa kwenye kompyuta nikauangalia tu.

Ngoja nieleze.

Mimi ni fundi mitambo. Serikali ilinipa mkataba wa kufunga vipimo vya maji mtoni na king'ora darajani. Aisee, kazi tamu ile! Kila dakika kumi mto unakuletea habari zake. Niliujua mpaka tabia.

Shida ilikuwa kibali. Bila barua yenye saini, king'ora marufuku kulia.

Miezi minane nazungushwa.

"Faili liko kwa mkuu."

"Mkuu yuko semina."

"Leta nakala tatu." Nikaleta. "Sasa zinatakiwa nne."

Mwanzoni niligomba. Baadaye nikafa ganzi. Mhudumu wa ofisi akileta bahasha za kaki, nasaini daftari lake bila kutazama, natupa drooni. Nilijua zote ni za kuniambia nisubiri.

Kampuni moja ikaniita nikaitengenezee programu ya kukatia tiketi za sinema. Kazi ya kusinzia, ila hakuna kusubiri muhuri wa mtu. Nikawaambia nitawajibu Ijumaa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, vipimo vikapanda.

Nikampigia mkuu wa idara.

"Kibali unacho mkononi?"

"Sina."

"Basi usithubutu! Utafungwa."

Nikampigia shangazi yangu, anayekaa karibu na daraja.

"Shangazi, toka. Sasa hivi."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Toka!"

Akabeba sufuria na mwiko, akapita akigonga mlango kwa mlango. Mtaa mzima ukatoka salama. Nyumba kumi na moja zikaenda na maji, ya kwake ikiwa ya kwanza.

Sikulia. Sikuhisi kitu.

Ijumaa nikaenda masijala, kwa mama anayetunza mafaili, nimpe la moyoni kisha niache kazi.

"Kibali changu mmekikalia mpaka watu wamekosa makazi!"

Akafungua daftari la mhudumu taratibu.

"Kilitoka wiki tatu zilizopita, baba. Hii siyo saini yako?"

Ilikuwa yangu.

Nikarudi, nikavuta droo. Bahasha ya nne kutoka juu, haijafunguliwa. "Unaruhusiwa kutumia king'ora kuanzia sasa."

Sasa shangazi analala sebuleni kwangu. Kila jioni ananipa pole.

"Hao watu wa ofisini, Mungu anawaona."

"Ndiyo, shangazi," namjibu.

Ndugu yangu, kazi ya watu ikikuua moyo, ondoka mapema. Ukiamua kubaki, fungua bahasha zako. Mimi bado sijamwambia shangazi.