Mchezo wa Nne wa Alliance

Wifi yangu Alliance hana umbo la mwanamichezo. Ni mfupi, ana nyonga pana, na akicheka lazima ashike ukuta. Lakini kila siku isipokuwa Jumapili hupakia mikate kwenye baiskeli na kuisambaza kutoka kwetu Kasenga hadi vibanda vya Kavimvira, karibu na mpaka, na saa tatu asubuhi amekwisha kurudi. Tena alizaliwa Kilomoni, hatua chache kutoka ziwani, kwa hiyo alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Kukimbia ndiko hakukujua, ila yeye alisema kukimbia hakufundishwi, kunavumiliwa tu.

Basi klabu moja ya vijana wa hapa Uvira ilipotangaza mashindano ya michezo mitatu, yaani kuogelea mita mia tano ziwani, kuendesha baiskeli kilomita ishirini, kisha kukimbia kilomita tano, yote mfululizo bila kupumzika, Alliance alijiandikisha siku ileile. Kaka yangu Thierry, mume wake, alidhani ni mzaha mpaka alipomwona na miwani ya kuogelea. Mimi nilimwambia kwamba mtu mwenye kazi, mume na watoto wawili, kisha akajitafutia uchovu mwingine, hana budi kupimwa malaria. Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni ya kukaa, na sioni haya kusema ndiyo maana naipenda.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Alimaliza akiwa wa tisa kati ya wanawake kumi na wanne, akarudi nyumbani na medali shingoni, na amani ya nyumba yetu ikaishia hapo.

Aliyekosewa ni baba. Baba yangu, Mzee Bruno, alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mitano, na kabla ya kufundisha herufi alifundisha salamu. Simama. Vua kofia. Mkono wa kushoto ushike wa kulia. Uliza kwanza habari ya mtu, halafu ndipo useme shida yako. Nusu ya Kasenga ilipita mikononi mwake, na mpaka leo kuna wanaume wenye mvi wanaoshuka kwenye pikipiki wakimwona. Kila asubuhi baada ya chai huweka kiti chake cha plastiki langoni petu, kando ya barabara kubwa, na hapo husalimiwa hadi adhuhuri.

Mama alipofariki, baba alinyamaza. Sisi watoto wake wa kuzaa tulijaribu kila njia tukashindwa. Aliyemrudisha ni Alliance. Kila alfajiri, kabla ya kupakia mikate, alipiga magoti mbele yake na kumsalimia: mumelalaje baba, goti je, kifua je. Siku za kwanza baba alijibu neno mojamoja. Baada ya mwezi akaanza kuuliza na yeye: mama yako wa Kilomoni hajambo, mbuzi wake wamezaa, tanuri linaiva vizuri, mwanao Ishimwe ameota meno mangapi. Baada ya miezi miwili nilimsikia akicheka. Salamu hiyo iliweza kuchukua robo saa nzima chini ya dirisha langu, na mimi chini ya shuka niliwalaani wote wawili.

Sasa, njia ya baiskeli ya mashindano ilipita mbele ya lango letu. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Akaona mtu amevaa kaptula nyeusi ya kubana, kichwa chini, anakuja kasi, anapita, anakwenda. Alipoona ile baiskeli ya mikate ndipo akamtambua. Alliance hakuinua hata shingo. Aliniapia baadaye kwamba hakuona mtu wala nyumba, aliona gurudumu la aliyekuwa mbele yake tu.

Baba hakugomba. Heri angegomba, tungejua pa kushika. Mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa, nilipompelekea maji ya kunywa.

"Minye nilikuwa hapa, Fanny," alisema. "Amenipita vile bantu banapitaka jiwe."

Thierry na mkewe walikwenda kuomba msamaha, wakiwa na sukari na kreti ya soda. Baba akasema amesamehe, yeye ni Mkristo. Kesho yake Alliance alipopiga magoti na kuuliza habari ya goti, baba alijibu, "Eeh," akatazama barabara. Keshokutwa vilevile. Miezi kumi na mmoja, asubuhi baada ya asubuhi, wifi yangu alipiga magoti akapewa "eeh" moja, akainuka, akaenda kupakia mikate yake.

Nilidhani atazoea. Siku moja nilimwambia kwamba wazee ndivyo walivyo, amwache, atachoka mwenyewe. Aliacha kukanda unga.

"Baba yangu tulimuzika niko na miaka sita," alisema. "Huyu njo alinionyesha vile baba anazungumuzaka na mutoto yake. Siwezi kumuacha."

Niliona aibu, nikachukua unga nikamsaidia kukanda, kazi nisiyoifanya kwa hiari.

Mashindano ya mwaka huu yalipotangazwa, mimi niliona dawa ni rahisi: asiende. Alliance alikataa. Alisema akiacha kwenda, baba atafikiri anaona haya ya kukimbia, na yeye haoni haya ya kukimbia, anaona haya ya kumpita. Atakwenda, na akifika langoni atasimama, atashuka, atasalimia kama inavyopasa, kisha ataendelea. Mimi nikamwambia, basi wewe una michezo minne. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu nikaona amelichukua neno langu kwa uzito kuliko nilivyotaka.

Alianza mazoezi. Alfajiri aliogelea, baada ya kuwauliza wavuvi viboko wamelala upande gani. Mikate aliipeleka kwa mwendo wa kasi hata wenye vibanda wa Kavimvira walidhani anafukuzwa. Jioni alikimbia kupanda mlima wa Songo, na siku ya kwanza wanawake wa huko walitoka nje mmoja baada ya mwingine kumuuliza nani amekufa, kwa kuwa mama mwenye akili zake hakimbii mlimani bila msiba. Ilimbidi asimame kila nyumba kueleza. Wiki ya pili walikuwa wakimpa maji.

Na mchezo wa nne tuliufanyia mazoezi uani. Nilimshonea kitenge chenye vifungo vya kubana badala ya kufunga fundo, akakiviringisha kwenye usukani ili akishuka afunike ile kaptula mara moja. Mimi nilikuwa baba. Nilikaa kwenye kiti chake, nikavaa kofia, nikakohoa kama yeye, nikashika simu kupima muda. Mara ya kwanza, kushuka, kuvaa kitenge, kupiga magoti, kusalimia na kupanda tena kulichukua dakika nne na zaidi. Tukaanza kupunguza. Mbuzi wa mama yake tuliwaondoa. Tanuri tuliliondoa. Goti la baba halikuondoleka. Nilipopendekeza apige salamu kwa sauti akiwa juu ya baiskeli, alinitazama kana kwamba nimemwambia aibe sadaka kanisani. Mwishoni tulifika dakika mbili kasoro, na Alliance akasema kwa dakika hizo anaweza kupitwa na watu watatu, na hao watatu anawasamehe kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, ziwa limetulia. Sikwenda ufukweni. Niliambiwa tu baadaye kwamba alitoka majini akiwa wa tatu, wavuvi wakishangilia. Mimi nilikuwa na kazi langoni: kuhakikisha baba yupo kwenye kiti.

Kiti kilikuwepo, baba hakuwepo. Alikuwa amekunywa chai, akavaa koti lake la Jumapili, akachukua fimbo akatoka bila kusema anakwenda wapi. Nilimtafuta kwa jirani wa kulia, nikamtafuta kwa jirani wa kushoto, nikauliza dukani. Hakuna aliyejua. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ameondoka makusudi, ili asisalimiwe.

Alliance alitokea akiwa wa pili. Wa pili kati ya wanawake kumi na sita. Akafunga breki, akashuka, akabana kitenge kiunoni, akapiga magoti kwenye changarawe, yote kama tulivyofanya uani. Kisha akainua uso akaona kiti kitupu.

Nikamwambia baba ametoka na sijui alikoelekea. Hakuinuka. Baiskeli moja ikapita nyuma yake, ikapita ya pili, ikapita ya tatu.

"Basi amekataa," alisema.

Akapanda baiskeli akaenda, kitenge kikipepea nyuma yake, amesahau kukivua. Nikafunga lango. Sijawahi kumkasirikia baba yangu namna ile. Nilisimamisha pikipiki na kumwambia dereva anipeleke uwanja wa mpira, mahali ambapo washindani huacha baiskeli na kuanza kukimbia, nimshike wifi yangu mkono kwanza, halafu nikamtafute mzee popote alipo nimwambie niliyokuwa nayo moyoni.

Sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa pale uwanjani, kwenye benchi, kando kabisa ya mahali pa kuegesha baiskeli, na koti lake la Jumapili, fimbo katikati ya miguu. Kabla sijamfikia, Alliance aliingia. Kitenge kilikuwa kimeingia kwenye mnyororo, kimejaa grisi, macho yake yamevimba. Aliegesha baiskeli bila kutazama upande wowote. Kijana wa klabu akaanza kuandika namba yake.

Baba akasimama. Akavua kofia. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamwona akimtangulia kwa salamu mtu aliye mdogo kwake, alitufundisha kwamba mdogo ndiye aanzaye, na mimi nilichapwa kwa hilo.

"Jambo, Mama Ishimwe," alisema. "Uliamuka salama?"

Alliance aligeuka. Magoti yake yalianza kushuka yenyewe, na baba akanyoosha fimbo kumzuia.

"Hapana, simama. Nilisoma sheria yao yote. Hapa njo fasi kila muntu anasimama kwa lazima. Kule ku mulango ningekupotezea saa yako bure."

Machozi yalimshuka Alliance huku anacheka. Nami nililia, sifichi. Baba akauliza mama wa Kilomoni hajambo, akauliza mbuzi, kisha akaona kijana wa klabu amemaliza kuandika.

"Kimbia," akamwambia. "Zingine utanijibia ku nyumba."

Akakimbia. Jinsi alivyokimbia sikupata kuona kwa mtu mwenye nyonga zile. Kwa waliompita langoni aliwapata wawili, akamaliza wa tatu, na waliokuwa mwishoni mwa njia wanasema alifika anaongea peke yake.

Huku nyuma Pierre, msimamizi wa mashindano, alinieleza mengine. Mzee Bruno alikuwa amekwenda ofisini kwao mara tatu. Mara ya kwanza aliomba karatasi ya sheria. Mara ya pili aliirudisha akiwa amesahihisha Kifaransa chake chote kwa kalamu nyekundu, na Pierre, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake, aliipokea kwa mikono miwili. Mara ya tatu aliomba ruhusa ya kukaa karibu na baiskeli. Nikamgeukia baba nikamuuliza alijuaje mipango ya Alliance, maana tulikuwa tumeificha.

"Mulikuwa munafanyia chini ya dirisha yangu," alisema. "Na kikoozi yangu unakiigaka mubaya sana."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mapema, akatuacha tuumie miezi yote hiyo. Alisema alikuwa amenyamaza kwa hasira wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo alitaka kusema, ila kila asubuhi neno la kuanzia lilikataa kutoka, na kadiri siku zilivyopita likawa zito zaidi. Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nikayaacha palepale uwanjani.

Mchana Alliance alioga, akavaa gauni refu, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha langoni. Baba alimwambia achukue kigoda, magoti yamechubuka. Kisha akaanza. Hakumuuliza habari za siku ile. Alianza na mwezi wa tano wa mwaka jana: ule mguu wa mama yake uliotegukia ziwani, ulipona wenyewe au walimwita fundi wa mifupa? Mwezi wa sita: Ishimwe aliyelia usiku siku mbili mfululizo, lilikuwa jino au sikio? Mwezi wa saba: tanuri lililopasuka, walilitengeneza kwa udongo wa wapi? Alikuwa ameyaweka yote, mwezi kwa mwezi, hakusahau hata moja.

Alliance alijibu mojamoja. Na mimi niliyekuwa nikizilaani salamu zao chini ya shuka nilitoa kiti changu cha cherehani, nikakiweka karibu yao, nikakaa. Walikuwa bado kwenye mwezi wa nane.